Baba Anayepigwa Nyumbani: Jinsi Sheria ya Uingereza Ilivyomfikia

Watu wakisikia habari ya mapigano nyumbani, mara moja hufikiri habari ya mume anayempiga mke wake. Hawakosei, maana ndivyo inavyotokea mara nyingi. Lakini wako na akina baba wanaopigwa, au kutishwa kwamba hawatawaona watoto wao tena. Hao hunyamaza, kwa kuwa wanaogopa kuchekwa. Leo, wasomaji wapendwa, tunataka kueleza jinsi sheria ya nchi moja, Uingereza, ilivyokwenda polepole hata ikamfikia baba wa namna hiyo. Tutaona pia kwamba waliomfungulia njia ni akina mama.

Zamani, katika Uingereza, watoto walikuwa wa baba peke yake, karibu kama mashamba yake. Mwaka 1836, George Norton, mtu wa sheria, aliwaondoa watoto wake watatu wa kiume, akamnyima mama yao Caroline ruhusa ya kuwaona. Bibi huyo alikuwa amekwisha kupigwa naye mara nyingi. Akashika kalamu, akawaandikia wakubwa wa nchi bila kuchoka. Mwaka 1839 Bunge likatoa sheria mpya: mama asiye na hatia ya uzinzi aweza kumwomba hakimu watoto wake walio chini ya miaka 7. Lakini George alikuwa amewapeleka watoto Scotland, ambako sheria ile haikufika. Mwaka 1842 mtoto wa mwisho, William, alianguka toka juu ya farasi, akaumia. Mama aliitwa, lakini alipofika, mtoto amekwisha kufa.

Tunaanza na habari hiyo kwa sababu yake. Sheria iliyompa baba nguvu zote haikuweza kumwona baba kama mtu dhaifu. Nani angesadiki kwamba bwana wa nyumba anaonewa ndani ya nyumba yake? Ilibidi kwanza sheria ijifunze kuuliza: ni nani anayeumizwa, na mtoto anahitaji nini?

Basi ikajifunza, hatua kwa hatua. Mwaka 1878 mke aliyepigwa vibaya aliweza kupata kwa hakimu ruhusa ya kukaa mbali na mume wake, pamoja na watoto wadogo. Mwaka 1902 sheria ya pombe ikamgeukia mume pia: mtu ambaye mke wake ni mlevi wa kila siku aliweza kuomba watengwe, na watoto wakae kwake. Mwaka 1925 Bunge likaagiza kwamba hakimu atazame kwanza mafaa ya mtoto mwenyewe, kabla ya madai ya baba au ya mama. Na mwaka 1960, mume na mke wakawa sawasawa mbele ya hakimu mdogo: yeyote anayetendewa ukatili wa siku zote aliweza kushitaki.

Lakini sheria bila avoka ni kama dawa iliyofungiwa sandukuni. Maskini atasemaje barazani? Kwa hiyo sheria ya mwaka 1949 ilikuwa na faida kubwa, maana serikali ilianza kuwalipia avoka watu wasio na mali.

Mwaka 1971, huko Chiswick, mtaa wa London, Bibi Erin Pizzey alifungua nyumba ya kuwapokea wanawake waliopigwa, pamoja na watoto wao. Nyumba za namna hiyo zikaongezeka. Mwaka 1976 Bunge likawapa mahakimu uwezo wa kumkataza mkatili asimsumbue mwenziwe wala mtoto, hata kumtoa nyumbani. Tuyaangalie vema maneno ya sheria ile: haikusema mke tu, ilisema mmoja wa waliooana. Hivyo mlango uliofunguliwa kwa kilio cha wanawake haukufungwa mbele ya wanaume. Lakini nyumba ya kumpokea baba na watoto wake ilikuwa ngumu kupatikana. Bibi Pizzey mwenyewe alisimulia kwamba alijaribu kuwafungulia wanaume nyumba, akakosa watu wa kumsaidia kwa fedha.

Aibu nayo haikuondoka upesi. Mwaka 2018 baraza la Luton lilimhukumu mwanamke mmoja kifungo cha miaka 7 na nusu. Alikuwa amemchoma kwa maji ya moto na kumkata kwa kisu baba wa watoto wake wawili. Baba huyo alikuwa ameficha vidonda vyake kwa muda mrefu, akiwadanganya hata polisi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wala si yeye peke yake. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, hesabu ya serikali kwa Uingereza na Wales ilikadiria wanawake 1,400,000 na wanaume 751,000 walioonewa na watu wa nyumbani mwao. Wanawake ni wengi zaidi, lakini wanaume si wachache.

Tangu Aprili 2013 serikali ile imepunguza sana msaada wa avoka katika mashauri ya watoto. Lakini maskini mwenye ushuhuda kwamba alionewa nyumbani aweza bado kuupata, awe mama au baba. Ushuhuda huo ni kama barua ya daktari au maandishi ya polisi. Kwa hiyo baba anayenyamaza hupoteza mara mbili: anabaki na vidonda, na siku ya shauri hana karatasi ya kuonyesha. Na sheria ya mwaka 2021 imeongeza neno kubwa: mtoto anayeona au kusikia ukatili huo, naye ahesabiwa kuwa ameumizwa.

Ndugu wasomaji, Caroline Norton aliteta kwa ajili ya akina mama, lakini alichowafundisha mahakimu kimewafaa na akina baba. Basi jirani akija kwetu jioni na kovu jipya usoni, akisema amejikwaa mlangoni, tusimcheke. Tumkaribishe akae, tumwulize taratibu, na kesho yake tumsindikize kwa daktari.