Uji wa wabeba mizigo: chakula cha Teochew kilivyohama na wenyewe

Leo tutoke kidogo Kivu, twende Singapore. Kule, katika mitaa ya zamani, bado kuna restora za kifamilia, zinazofanana na malewa zetu: meza za kukaa watu wengi, bata wametundikwa mbele, mpishi mzee anakata nyama mbele ya mteja. Mtu akitaka uji wa mchele anasema "muay". Neno hilo si Kichina cha serikali. Ni lugha ya Wateochew.

Hawa ni watu wa pembe ya mashariki ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, upande wa miji ya Chaozhou na Shantou. Ardhi kule ilikuwa ndogo, watu wengi, bahari mlangoni. Wavuvi walichemsha samaki kwa maji ya chumvi, wakamwacha apoe, wakamla badala ya wali. Mpaka leo chakula hicho kinaitwa "wali wa samaki", ingawa hakina hata punje moja ya mchele.

Bandari ya Shantou ilifunguliwa kwa meli za kigeni mwaka 1860. Hata kabla ya hapo watu walikuwa wakiondoka, lakini sasa waliondoka kwa wingi: Siam, ambayo leo ni Thailand, Kambodia, Vietnam, Singapore. Wengi waliofika Singapore walipata kazi kando ya mto, wakibeba magunia kutoka kwenye mashua mpaka kwenye maghala. Uji wao ulikuwa mchele uliochemshwa kwa maji mengi, punje zikibaki nzima. Pembeni waliweka yai la chumvi, majani ya haradali yaliyohifadhiwa kwa chumvi, kipande cha samaki. Kitu kidogo chenye chumvi kali kinasukuma bakuli kubwa. Sisi tunaomaliza bugali kwa ndakala tatu tunaelewa hesabu hiyo.

Siku ya sherehe ndipo bata alipikwa polepole katika mchuzi mweusi wa soya na viungo, na mwishoni ikaja bakuli ya majimbi yaliyopondwa na sukari na mafuta ya nguruwe. Tamu sana, na nzito.

Pesa nazo zilirudi nyumbani. Mhamiaji alituma barua na fedha katika bahasha moja, ikapita mikononi mwa wajumbe hadi kijijini. Asiyejua kuandika alimlipa mwandishi. Barua hizo zinaitwa qiaopi, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Leo sisi tunatuma kwa simu, lakini ujumbe ni uleule: tuko hai, mtoto aende shule.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma mimi mtu wa redio. Singapore ilikuwa na redio ya waya, Rediffusion, iliyoanza mwaka 1949, na humo wasimulizi walitoa hadithi kwa Kiteochew na lugha nyingine za Kichina. Watu waliacha kazi ili wasikilize. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni ya kuwafanya Wachina wote waseme Kimandarini, na miaka michache baadaye vipindi vile vikanyamaza. Wajukuu wengi hawawezi tena kuzungumza na bibi zao. Wakiingia restora, hata hivyo, wanaagiza kwa Kiteochew: muay, orh nee, kiam chye. Maneno ya sahani ndiyo waliyobakiwa nayo.

Wengine walihama mara mbili. Kambodia ilikuwa na Wateochew wengi, na baada ya Khmer Rouge kuchukua nchi mwaka 1975, waliopona walikimbia. Wengi walifika Paris, katika mtaa wa 13, kwenye maghorofa marefu, wakafungua restora tena. Humo utakuta bakuli la tambi za mchele katika supu ya mifupa. Kwenye karatasi ya vyakula wameandika supu ya Phnom Penh, mji waliokimbia. Lakini Kambodia kwenyewe tambi zile zinaitwa kuy teav, na hilo ni neno la Kiteochew.