Nati za Reli Zilivyobadilisha Mchezo wa Kupanda Miamba

Anayesomea ukufunzi wa kupanda miamba leo anatembea na vifaa vinang'aa kiunoni. Zamani wala! Kamba zilikuwa za katani, na sheria ilikuwa moja tu: anayetangulia haanguki. Akianguka, kamba inaweza kukatika, na hapo ndo basi tena.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia zikaja kamba za nailoni, zinazovutika na kupunguza mshtuko. Lakini kamba inaokoa pale tu inapopita kwenye kitu kilichoshika mwamba. Wengi walipigilia vigingi vya chuma kwenye nyufa. Vijana wengi wa Uingereza waliona huko ni kuchakachua mchezo. Wao walibeba vijiwe mfukoni, wakavikwamisha kwenye ufa na kuvifunga kamba.

Sasa cheki hii. Miaka ya 1950, waliokuwa wakienda kupanda Clogwyn Du'r Arddu, huko Wales, walipita kando ya reli ya mlima Snowdon. Wakaona nati zimezagaa, wakaokota. Kijiwe hakina tundu, nati inalo! Wakasugua meno ya ndani kwa tupa yasikate kamba, mambo yakawa safi. Mwaka 1961 fundi mmoja akaanza kutengeneza za wapandaji tu.

Kule Yosemite, Marekani, vigingi vilipigiliwa na kung'olewa kila siku mpaka nyufa zikachimbika. Mwaka 1972, kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kuuza vigingi hivyohivyo ikawaambia wateja wake kwenye katalogi waweke nyundo chini, watumie nati. Yaani ilikata tawi ililokalia, ila mwamba ukapona. Mwaka 1978 vikaingia sokoni vifaa vya springi vya mhandisi mmoja Mmarekani, vinavyoshika hata ufa ambao haupungui upana.

Ila nati haina huruma. Inakaa pale ufa unapobana kuelekea chini; ukivutwa chini inakaza, kamba ikiivuta kwenda juu inachomoka. Mwamba ukiwa mbovu, hata kifaa cha bei mbaya ni pambo. Ndo maana mkufunzi mtarajiwa anarudia kitu kilekile kila siku: gonga mwamba usikilize, weka, vuta, kisha weka kingine. Nyuma yake atakuja mwanafunzi asiyejua kukagua, anayemwamini tu.