Familia Isiyo na Jina, Sumu ya Nyoka na Sindano ya Kujichoma: Historia ya Ugonjwa Unaoziba Koo

Mtu analala mzima, asubuhi anaamka mdomo umemvimba utadhani kapigana usiku kucha. Mtaani maswali ni yale yale: kala nini? Kang'atwa na mdudu gani? Au kuna mtu kamtupia kitu? Anapewa vidonge vya mzio, wapi, havifui dafu. Baada ya siku mbili tatu uvimbe unaondoka wenyewe na kila mtu anasahau. Mpaka siku unaporudi, na safari hii umeshukia kooni.

Huo si mzio, na wala si uchawi. Ni ugonjwa wa uvimbe wa kurithi, ambao duniani kote hujulikana kwa herufi tatu: HAE. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya watu 50,000 anao. Historia yake yote ni vita dhidi ya kitu kimoja: muda. Kwa zaidi ya miaka 100 mgonjwa alikuwa wa kusubiri daktari, na wengine walikufa wakisubiri. Leo kuna wagonjwa wanaotembea na dawa kwenye mkoba na kujichoma wenyewe, popote walipo. Ilikuwaje hadi tukafika hapa?

FAMILIA AMBAYO HAKUNA ANAYEIJUA

Mwaka 1882, daktari wa Ujerumani aitwaye Heinrich Quincke alieleza uvimbe wa ghafla unaokuja na kuondoka chini ya ngozi. Miaka 6 baadaye, mwaka 1888, William Osler, daktari mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha Philadelphia, Marekani, akaandika habari za familia moja ambayo uvimbe huo ulikuwa umeiandama kwa vizazi 5.

Osler ni jina kubwa, wanafunzi wa udaktari wanalisoma mpaka kesho. Ile familia? Hakuna anayeikumbuka kwa jina. Lakini ni wao waliofungua ukurasa. Leo mkono, kesho uso, siku nyingine tumbo linauma mpaka mtu anajikunja na kutapika. Na kuna waliokufa ghafla kwa sababu koo lilivimba, hewa ikakosa njia. Osler aliona sawasawa kwamba jambo hili linatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Tatizo ni moja: hakuwa na dawa ya kuwapa.

Baada ya hapo miaka ikaenda, watu wakaendelea kuteseka. Wengine walipasuliwa matumbo wakidhaniwa wana kidole tumbo, kumbe ni utumbo uliovimba tu. Wengine walipewa dawa za mzio na adrenalini, wakaonekana wabishi kupona.

BREKI ILIYOKATIKA

Jibu la kwanza la maana lilikuja mwaka 1963. Watafiti wawili wa Marekani, Virginia Donaldson na Richard Evans, waligundua kwamba wagonjwa hawa wana upungufu wa protini moja kwenye damu, iitwayo kizuizi cha C1. Baadaye ikaonekana kuwa wapo ambao protini hiyo wanayo ya kutosha, ila haifanyi kazi.

Kazi ya protini hiyo ni kama breki. Ikikosekana, mwili unatengeneza kwa wingi kemikali iitwayo bradikinini, ambayo inafanya mishipa midogo ya damu ivujishe maji. Maji hayo yakijaa chini ya ngozi, ndiyo uvimbe wenyewe. Ndiyo maana dawa za mzio hazisaidii: zinapambana na kemikali nyingine kabisa. Ni sawa na kuzima taa ya chumbani wakati bomba linalovuja liko jikoni.

Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Na takriban mgonjwa 1 kati ya 4 hana ndugu yeyote mwenye tatizo hilo. Yeye ndiye wa kwanza kwenye ukoo, na mara nyingi ndiye anayesumbuka zaidi kupata jibu.

NYOKA ALIYETOA SIRI

Sasa hapa stori inanoga. Hiyo bradikinini iligunduliwa mwaka 1949 huko São Paulo, Brazil, na Maurício Rocha e Silva na wenzake. Walikuwa wakichunguza sumu ya nyoka hatari wa kule, aitwaye jararaca. Walipoichanganya na damu ya mbwa, kikatokea kitu kilichofanya kipande cha utumbo wa mnyama kijikunje polepole. Jina bradikinini limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana hiyo ya mwendo wa polepole.

Sumu ya nyoka huyo huyo ndiyo iliyowaongoza wanasayansi hadi kwenye dawa ya presha ya captopril. Wengi wana mzazi nyumbani anayemeza dawa za kundi hilo, kama enalapril. Dawa hizo zinaongeza bradikinini mwilini. Kwa watu wengi hazina shida, lakini mwenye HAE hatakiwi kuzigusa. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni: vinaweza kuchochea mashambulizi.

SINDANO YAHAMIA MKONO MWINGINE

Dawa za mwanzo zilizozima shambulio zilitengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji na kuingizwa kwenye mshipa. Ziliokoa watu, lakini kwa wengi maana yake ilikuwa hospitali, foleni, na kumweleza daktari wa zamu ugonjwa ambao pengine hajawahi kuuona.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasayansi wa kampuni ya Hoechst ya Ujerumani walitangaza molekyuli ndogo inayokaa kwenye mlango ambao bradikinini hupitia, ikaufunga. Ikaitwa icatibant. Ulaya iliiruhusu mwaka 2008. Marekani mwaka huo huo ikagoma, ikataka ushahidi zaidi. Utafiti ukarudiwa, na mwaka 2011 nayo ikakubali. Mwaka huo pande zote mbili ziliridhia kitu kikubwa zaidi: mgonjwa akishafundishwa, ajichome mwenyewe.

Namna yenyewe ni hii. Bomba la sindano linakuja limeshajazwa, miligramu 30 kwenye mililita 3. Mgonjwa anasafisha ngozi ya tumbo, sentimita 5 hadi 10 chini ya kitovu, upande mmoja. Anadunga chini ya ngozi na kusukuma dawa taratibu, kwa sekunde 30 au zaidi. Pale palipochomwa panawaka moto na kuwa pekundu, ni kawaida, na baada ya muda panatulia. Uvimbe usipopungua au ukirudi, anaweza kurudia baada ya saa 6, lakini si zaidi ya sindano 3 kwa saa 24.

Sheria moja haina mjadala: koo likivimba, mtu ajichome halafu aende hospitali hapo hapo. Sindano inamnunulia muda. Haichukui nafasi ya daktari.

BADO KAZI IPO

Dawa hii inatakiwa ikae kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, kwa hiyo kwa Dar ya Januari si ya kuachwa kwenye gari. Bei nayo ni kilio: Marekani bomba moja liliuzwa kwa maelfu ya dola, hadi matoleo ya bei nafuu yalipoanza kuingia sokoni mwaka 2019. Mwaka 2025 Marekani ikaruhusu kidonge cha kwanza cha kumeza wakati wa shambulio, kiitwacho sebetralstat.

Lakini kabla ya sindano na kidonge, kuna jina la ugonjwa. Vipimo vya damu vya protini ya C4 na kizuizi cha C1 ndivyo vinavyotoa jibu. Asiyejua ugonjwa wake bado yuko mwaka 1888, pamoja na ile familia ambayo hakuna anayeikumbuka kwa jina.

Je, kwenye ukoo wako yupo anayevimba bila sababu, au aliyewahi kufa ghafla "koo likiwa limeziba"? Dondosha maoni hapo chini, na mtumie ndugu yako naye asome.