Okidi za Chupa

Tunda moja la okidi hubeba mbegu maelfu kwa maelfu, katika aina nyingine hata zaidi ya milioni, laini kama vumbi. Mbegu hizo hazina akiba ya chakula iliyomo katika harage au punje ya mhindi, ndiyo maana watunza bustani wa Ulaya walizipanda miaka mingi wakaambulia patupu. Matajiri wa karne ya 19, waliokuwa wamepagawa na ua hili, wakategemea wachimbaji: okidi ziling'olewa katika misitu ya Asia na Amerika, zikajazwa melini, na nyingi zikafia njiani.

Mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alikuta porini miche michanga ya okidi iitwayo Neottia, na ndani ya kila mche mlikuwa na kuvu. Kumbe kuvu hiyo ndiyo mlezi: huilisha mbegu mpaka mche uweze kujitegemea. Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaonyesha mwaka 1922 kwamba mlezi anaweza kuachwa kando, mradi chakula kiwepo. Alisia mbegu ndani ya chupa safi isiyo na vijidudu, juu ya agari, rojo la mwani lililochanganywa na sukari na madini. Zikaota.

Hatua iliyofuata haikuhitaji mbegu kabisa. Mwaka 1960 mtafiti Georges Morel, akitafuta okidi za Cymbidium zisizo na virusi, alikata ncha ya chipukizi, sehemu changa ambayo kwa kawaida virusi huwa bado havijaifikia, akaikuza katika chupa. Ikatoa vivimbe vidogo. Kila kimoja kikikatwa, kikazaa vingine. Miaka miwili baadaye watafiti Murashige na Skoog, waliokuwa wakifanyia kazi tumbaku, walichapisha mchanganyiko wa madini ambao hadi leo hutumika kuzalisha hata miche ya tishu ya migomba. Hakuna kati ya hawa aliyekuwa akiokoa mmea unaotoweka. Chupa ilitengenezwa kwa ajili ya elimu na biashara. Uhifadhi uliiazima baadaye.

Uingereza iliiazima ikiwa imechelewa sana. Okidi ya kiatu, Cypripedium calceolus, yenye mdomo wa njano mfano wa ndara, ilichumwa na kung'olewa kwa ajili ya bustani na masoko hadi mwaka 1917 ikatangazwa kuwa imekwisha nchini humo. Mwaka 1930 ukaonekana mmea mmoja huko Yorkshire, na mahali pake pakafanywa siri.

Mwaka 1983 bustani ya Kew, London, ilianza mradi wa kuzalisha okidi za asili katika maabara. Hii ya kiatu ilikuwa sugu. Mbegu yake ikikomaa hujifunga na kugoma kuota, hivyo tunda lilibidi kuvunwa lingali bichi, wiki kadhaa baada ya maua kuchavushwa kwa mkono, na chupa kuwekwa gizani. Njia ya mbegu ilikuwa na faida moja ambayo ncha za Morel hazina. Miche ya ncha ni nakala za mama mmoja, na ugonjwa unaomwangusha mmoja unaweza kuwaangusha wote. Miche ya mbegu hutofautiana kama ndugu.

Kuitoa chupani kulikuwa kazi nyingine. Mche uliozoea sukari na unyevu ulipaswa kufundishwa udongo polepole, kisha kukabidhiwa kwa ukame na konokono, na wengi walikufa. Upandaji porini ulianza mwaka 1989. Ua la kwanza la mche wa chupa lilionekana huko mwaka 2000.