Wala Tsampa

Vitabu vya watalii vina tabia moja: vikifika Tibet, vinakuonya kuhusu chai. Ati ina chumvi, ati ina siagi, ati mgeni ajikaze tu ameze. Mimi nimeinywa mara kadhaa Majnu-ka-tilla, mtaa wa wakimbizi wa Kitibeti jijini Delhi, na ushauri wangu ni mfupi: usiiite chai, iite supu. Ulimi utatulia.

Swali ambalo vitabu hivyo haviulizi ni hili: majani yalifikaje huko? Lhasa iko takriban mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Kwenye uwanda ule shayiri inamea, mchai hauwezi. Simulizi zinasema Wencheng, binti wa kifalme wa China aliyeozwa kwa mfalme Songtsen Gampo mwaka 641, alikuja na chai kwenye mizigo yake. Huenda. Ninachokiamini zaidi ni biashara. Watawala wa Song walitaka farasi wa vita, na Watibeti walikuwa nao. Mwaka 1074 serikali ikafungua ofisi Sichuan ya kubadilisha chai kwa farasi. Chini ya Ming, chai ikageuzwa kamba ya kumfunga jirani: anayeitaka alete farasi, tena kwa bei yetu. Mwaka 1397 mfalme Hongwu aliamuru mkwe wake mwenyewe, Ouyang Lun, afe kwa sababu ya magendo ya chai. Mkwe wake, jamani, kwa majani!

Majani hayo yalishindiliwa yakawa kama matofali, yakabebwa na watu kutoka Ya'an kupanda milima hadi Dartsendo, kisha nyumbu na yak wakapokea. Mwaka 1908 Ernest Wilson, Mwingereza aliyekuwa akikusanya mimea, aliwapiga picha wapagazi wawili njiani. Mzigo wa mmoja ulikuwa ratili 317, wa mwenzake 298. Fanya hesabu: ule mkubwa ni kama kilo 144, yaani gunia zima la mahindi la kilo 90 na zaidi ya nusu ya lingine, mgongoni, kwenye njia ya mawe. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko picha yoyote ya kasri la Potala.

Yakifika, majani yanachemshwa muda mrefu, yanachujwa, yanatiwa chumvi na siagi, kisha yanasukwasukwa ndani ya dongmo, chombo kirefu cha mbao chenye mchi. Siagi ni ya dri. Yak ni dume. Ukiomba siagi ya yak watakucheka. Na ukikaribishwa nyumbani, bakuli lako halikauki, kila ukipiga funda linajazwa. Umetosheka? Liache limejaa, ulimalize ukiaga.

Momo na bia ya shayiri iitwayo chang sitazitetea, zinajiuza zenyewe. Tsampa ndiyo yenye hadithi. Ni unga wa shayiri iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Lhasa maji huchemka yakifika nyuzi 88 hivi, kwa hiyo kuivisha nafaka ni kazi ndefu, na kuni ni chache. Tsampa imeshaiva ikiwa ndani ya mfuko. Mimina chai kidogo, kanda kwa vidole ndani ya bakuli, finyanga tonge. Mla ugali hahitaji somo hapo.

Watu wa Kham, wa Amdo na wa Lhasa wana lahaja ambazo hazielewani kirahisi, na madhehebu yao ni tofauti. Katika miaka ya 1950, China ikiwa imeshika nchi, gazeti la Tibet Mirror lililochapishwa Kalimpong, India, lilitoa barua kwa Watibeti wote. Iliwaita kwa jina gani? Wala tsampa. Jina hilo halikumwacha mtu nje, mtawa wala mchungaji.

Dalai Lama alikimbilia India mwaka 1959, na maelfu wakamfuata. Uhamishoni siagi mara nyingi ni ya ng'ombe, na blenda imechukua kazi ya dongmo. Ndani ya Tibet, baada ya maandamano ya 2008, vijana walianza desturi ya Lhakar, Jumatano Nyeupe: siku hiyo unavaa chupa, vazi la Kitibeti, unazungumza Kitibeti kitupu, na unakula tsampa. Jeshi liko barabarani, wao wako mezani, wanakanda.