DNA Haikuzwi, Hurudufiwa

Majuzi nilitafsiri maelezo ya seti ya vitendanishi vya maabara nikaandika kwamba hutumiwa "kukuza DNA". Mwanafunzi wangu akacheka: "Kwani inanenepa, Mwalimu?"

Historia inamuunga mkono. Mwaka wa 1983, Mmarekani Kary Mullis alibuni mbinu ya PCR huko California. DNA hupashwa joto hadi nyuzi zake mbili ziachane, kisha kimeng'enya huunda mwenzi wa kila uzi. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Baada ya mizunguko 30, nakala zaweza kupita bilioni moja.

Mwanzoni joto liliharibu kimeng'enya, ikabidi kiongezwe kila mzunguko. Suluhu ilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, ambaye kimeng'enya chake hustahimili joto.

Basi tuseme "kurudufu". Wala si ubishi wa maneno matupu. Anayesikia "kukuza" atawaza hadubini. Anayesikia "kurudufu" ataelewa mara moja kwa nini DNA ya mtu mwingine ikidondoka kichupani, hata chembe tu, nayo hurudufiwa na kuvuruga matokeo.