Kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi

Kipindi cha kuelekea ukomo wa hedhi ni miaka ya mpito katika maisha ya mwanamke ambapo ovari zinapunguza kazi hatua kwa hatua, hedhi inabadilika na mwishowe inakatika. Ukomo wenyewe unahesabiwa kuwa umefika baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au sindano ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo hakuna mwanamke anayejua siku ileile kwamba ameona hedhi yake ya mwisho. Anajua mwaka mmodi baadaye.

Duniani kote wengi wanafikia ukomo wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 55. Mpito unaanza mapema zaidi na kwa wastani unachukua miaka 4 hivi, ingawa kwa wengine ni miezi michache na kwa wengine unapita miaka 8. Hedhi ikikatika kabla ya miaka 45, na hasa kabla ya 40, mwanamke anapaswa kuonwa na daktari hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakosa homoni ya estrojeni kwa miaka mingi.

Mpito huu si ugonjwa. Hata hivyo si kila dalili yake ni ya kuvumiliwa, wala si kila kinachompata mwanamke wa umri huo kinatokana nao. Makala hii inaeleza jambo hilo kwa ujumla, ikichukua mfano wa wilaya ya Karatu katika mkoa wa Arusha, Tanzania, na hasa kata ya Endabash, ambako wakazi wengi ni wakulima na wafugaji.

Kinachotokea mwilini

Mwanamke anazaliwa na akiba ya vijiyai ambayo haiongezeki. Akiba inapokaribia kwisha, kuna miezi ambayo kijiyai hakitoki. Watu wengi wanadhani estrojeni inashuka polepole kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Kweli inapanda na kushuka ovyo, na kuna siku inazidi hata kiwango cha ujanani. Projesteroni ndiyo inayopungua kwanza. Bila hiyo ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unanenepa kuliko kawaida, na hapo hedhi inaweza kuja nzito baada ya kuchelewa miezi miwili au mitatu.

Kwa sababu ya kuyumba huko, kipimo cha homoni katika damu hakisaidii sana kwa mwanamke aliyezidi miaka 45: leo kinaonyesha hivi, wiki ijayo vile. Umri, mwenendo wa hedhi na maelezo yake mwenyewe vinatosha kwa kawaida.

Wahadzabe na swali la mabibi

Kwa nini mwanamke anaishi miaka mingi baada ya uzazi wake kwisha ni swali ambalo wataalamu walikuja kulichunguza katika bonde la Ziwa Eyasi, ambalo kwa sehemu limo katika wilaya hiyohiyo ya Karatu. Kuanzia miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walifuatilia kazi za Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya. Waliona kwamba wanawake wazee wanachimba mizizi kwa saa nyingi kuliko vijana, na kwamba chakula chao kinawafaa hasa wajukuu ambao mama yao ana mtoto mchanga. Mwaka 1998 walitoa pamoja na wenzao nadharia inayojulikana kama nadharia ya bibi: maisha marefu baada ya uzazi yaliendelea katika binadamu kwa sababu bibi aliye na nguvu anawawezesha wajukuu kuishi. Nadharia hiyo inabishaniwa hadi leo. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba sokwe wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, nao wanafikia ukomo wa uzazi ingawa mabibi wao hawalei wajukuu.

Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, uliotolewa mwaka 2017, ulipima usingizi wa watu wazima 33 kwa siku 20. Jumla ya muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, na umri ulichangia tofauti ya saa za kulala. Hilo haliwaondolei uchovu wanaokosa usingizi, ila linaonyesha kwamba kuamka usiku katika umri mkubwa si jambo geni kwa binadamu.

Dalili

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni hedhi kubadilika: inakaribiana, inachelewa, inakuwa nyepesi au nzito. Inayojulikana zaidi ni joto la ghafla, linalopanda kifuani na usoni kwa dakika chache, mara nyingi pamoja na jasho na moyo kwenda mbio, kisha baridi. Likija usiku linakatiza usingizi. Wengine wanapata maumivu ya viungo, kuumwa kichwa, usahaulifu, hasira za haraka, wasiwasi au sonona. Ukavu wa uke, maumivu wakati wa tendo la ndoa na UTI za mara kwa mara vinaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Tofauti na joto la ghafla, ukavu huo hauishi wenyewe.

Kuna wanawake wasiopata lolote kati ya hayo.

Kuchanganya na magonjwa mengine

Endabash iko kwenye nyanda za juu, na usiku wake una baridi. Mwanamke anayeamka amelowa jasho hapo ana haki ya kujiuliza kama ni malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika chache, na ni vizuri kupima kuliko kumeza dawa kwa kubahatisha kila mwezi. Joto la ukomo wa hedhi halipandishi homa kwenye kipimajoto. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au kupungua uzito, ni lazima kupima kifua kikuu na VVU. Ugonjwa wa tezi ya shingo unaleta moyo kwenda mbio na joto. Upungufu wa damu unaleta uchovu na moyo kudunda.

Tena kuna ujauzito. Mwanamke wa miaka 46 asiyeona siku zake kwa miezi mitatu anaweza kuwa mjamzito. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ikiwa amepita miaka 50, na kwa miaka miwili ikiwa hajafika.

Damu isiyo ya kusubiri

Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, si hedhi iliyorudi. Inahitaji uchunguzi, sawa na damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya hedhi, au hedhi inayolowesha pedi au kitambaa kila saa. Mara nyingi chanzo ni uvimbe usio wa saratani au ukavu wa kawaida, lakini wakati mwingine ni saratani ya shingo ya kizazi au ya mfuko wa uzazi. Ile ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake kwa saratani nchini Tanzania, na wengi wanafika hospitali ikiwa imechelewa, baada ya kuambiwa nyumbani kwamba "ni umri tu".

Uchunguzi wa kupaka asidi ya siki kwenye shingo ya kizazi unapendekezwa nchini kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, hata wasio na dalili. Ni wa dakika chache, na dalili za awali zikionekana zinaweza kutibiwa mapema.

Kukabiliana bila dawa

Kupikia kwenye jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na hewa, chai ya moto sana, pilipili, pombe na tumbaku vinaweza kuamsha joto la ghafla. Wengi wanasaidika kwa kuvaa nguo za pamba zinazoweza kupunguzwa moja baada ya nyingine na kuweka khanga kavu karibu na kitanda. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili mawazo na mazoea imethibitishwa kupunguza usumbufu wa joto na kukosa usingizi. Soya na mitishamba mbalimbali husifiwa, lakini ushahidi wake ni dhaifu, na baadhi ya mitishamba inagongana na dawa nyingine. Kwa ajili ya mifupa, maziwa, dagaa, mboga za majani na kazi za kubeba uzito vina faida. Mama wa Endabash anayelima na kuteka maji hahitaji kuambiwa afanye mazoezi.

Dawa

Tiba yenye nguvu kuliko zote dhidi ya joto la ghafla ni estrojeni, kwa vidonge, jeli au kibandiko cha ngozi. Mwenye mfuko wa uzazi ni lazima apewe pia homoni ya jamii ya projesteroni, la sivyo hatari ya saratani ya mfuko huo inaongezeka. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani uliwatisha wengi kwa kuonyesha ongezeko la saratani ya matiti, lakini wastani wa umri wa washiriki wake ulikuwa miaka 63. Leo inakubalika kwamba kwa mwenye dalili kali, aliye chini ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu ukomo, faida kwa kawaida inazidi madhara. Haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, mwenye ugonjwa mkali wa ini, wala mwenye damu ambayo chanzo chake hakijajulikana.

Asiyeweza kutumia homoni anaweza kupewa baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, au gabapentini. Ukavu wa uke unatibiwa kwa vilainishi au krimu ya estrojeni inayopakwa mahali penyewe, ambayo ni kiasi kidogo sana kuingia katika damu.

Uamuzi wa kwenda kutibiwa

Katika huduma za umma za Tanzania mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 wana msamaha wa malipo, na vilevile mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo. Mwanamke wa miaka 48 anaangukia katikati: kliniki ya mama na mtoto haimhusu tena, na dirisha la wazee bado. Asipokuwa na bima, analipa mwenyewe, pamoja na nauli na siku ya palizi iliyopotea. Ndiyo maana wengi wanangoja.

Zahanati au kituo cha afya kinatosha kwa hatua ya kwanza: kupima malaria, shinikizo la damu, wingi wa damu na ujauzito, na kupata rufaa. Dawa za homoni za ukomo wa hedhi kwa kawaida hazipatikani katika ngazi hiyo. Anayezihitaji anaelekea hospitali za mjini Karatu, kama vile ya Kilutheri au FAME, au Haydom upande wa Mbulu. Mambo magumu zaidi yanapelekwa Mount Meru mjini Arusha au KCMC mjini Moshi.

Kwa dalili zisizo za hatari, kipimo ni maisha yake mwenyewe: kama analala, anafanya kazi na anaelewana na watu wa nyumbani, anaweza kungoja bila hasara. Kama halali kwa wiki nyingi, anaepuka mume kwa sababu ya maumivu, au amekata tamaa ya kuishi, kungoja hakumsaidii. Kabla ya kwenda inafaa aandike, au amwombe mtoto anayesoma amwandikie, tarehe za hedhi za miezi mitatu, usiku alioamka na jasho, na dawa anazotumia pamoja na za mitishamba. Akimkuta mhudumu wa kiume aliye na umri wa mwanawe na akaona haya, anaweza kuomba kuonwa na muuguzi wa kike.